Moyo unapofunga ahadi za Mungu zikisomwa

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkoa wa Morogoro. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mwaka juzi tulikwenda kwenye mkutano wa injili, mtumishi akamwekea mikono, akatangaza kwamba amepona. Nikapandishwa jukwaani nikatoa ushuhuda. Tuliambiwa kuendelea na dawa ni kutoamini, tukaziacha. Haikupita miezi mitatu mtoto akashikwa na maumivu makali, akalazwa na kuongezewa damu. Amerudi kwenye dawa na sasa anaendelea vizuri kiasi. Shida ni mimi. Ahadi za Mungu zikisomwa kanisani moyo wangu unafunga. Wakati wa maombezi natoka nje, nasingizia kwenda kumwangalia mtoto. Wamama wa jumuiya wananiambia nikiri ushindi. Mume wangu anasema nina roho ya kukata tamaa, na ndiyo inayozuia mtoto asipone. Juzi mtoto mwenyewe kaniuliza: "Mama, si walisema nimepona?" Sikuwa na jibu. Je, nimepoteza imani? Nifanye nini ili moyo uzipokee tena ahadi za Mungu?

JIBU

Amina, dada yangu, na pole sana kwa hayo mliyopitia.

Nianze na dawa, maana hilo halisubiri. Asiziache tena kwa neno la mtu yeyote, hata mimi nikiwemo. Mtoto mwenye selimundu akipata homa ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Maji ya kunywa ya kutosha, kujikinga na baridi, chandarua, kliniki kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi: hayo daktari wenu anayajua kuliko mimi. Nayataja ili ujue kwamba mchungaji anayekuandikia hayaoni kuwa upinzani kwa imani.

Sasa swali lako. Chukua Biblia, soma Kutoka sura ya 6 mstari wa 9. Wahubiri wengi huishia mstari wa 8 wakafunga kitabu, kwa sababu hapo ndipo kuna maneno matamu: nitawatoa, nitawaokoa, nitawakomboa, nitawatwaa kuwa watu wangu, nitawaleta katika nchi ile. Ahadi juu ya ahadi. Mstari unaofuata unasema Musa aliwaambia wana wa Israeli maneno hayo, nao hawakumsikiliza, "kwa ajili ya uchungu wa moyo, na kwa ajili ya utumwa mgumu." Basi. Mahubiri mazuri kuliko yote waliyowahi kusikia yaliishia masikioni.

Na watu hao hawakuwa wagumu tangu mwanzo. Rudi sura ya 4 mstari wa 31. Musa na Haruni walipofika mara ya kwanza na kuonyesha ishara, watu waliamini, wakainamisha vichwa, wakasujudu. Ungekuwepo siku hiyo ungesema uamsho umeingia Misri. Kilichotokea katikati ni sura ya 5. Musa anakwenda kwa Farao kwa jina la Bwana, na siku ileile amri inatoka: watu wasipewe tena majani ya kuchanganya na udongo, wakajitafutie wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue. Wanatawanyika nchi nzima kuokota mabua, jua linazama na hesabu haijatimia. Wanaochapwa ni wanyapara, Waebrania wenzao waliowekwa kusimamia kazi. Hao wanyapara wanatoka kwa Farao, wanawakuta Musa na Haruni wamesimama njiani wakiwangoja, nao hawana salamu: mmetufanya tunuke mbele ya Farao na watumishi wake, mmewatia upanga mkononi watuue.

Yaani ahadi ilipofika, maisha yalizidi kuwa mabaya. Waliamini, na kuamini kukawagharimu. Ndiyo habari yako. Ulipanda jukwaani ukashuhudia mbele ya umati, na bili ikamfikia mtoto kitandani. Moyo uliopigwa kwa njia hiyo ukisikia ahadi nyingine unashtuka na kujikunja, kwa sababu mara ya mwisho ulipofunguka uliumizwa.

Tazama basi Mungu anafanya nini baada ya mstari wa 9. Hakemei. Haagizi mfungo wa kurudisha imani. Anamgeukia Musa na kumwambia aende kwa Farao akamwambie awaachie watu watoke. Na tunajua Mungu huyohuyo anaweza kukemea. Soma habari ya ndama wa dhahabu, au siku wapelelezi waliporudi na watu wakataka kurejea Misri. Hapa yuko kimya. Maandiko yanataja sababu mbili za kutosikia, moja ya ndani na nyingine ya nje, uchungu na kazi ngumu, na hakuna hata moja iliyoitwa dhambi. Musa mwenyewe mstari wa 12 amevunjika: kama wana wa Israeli hawakunisikiliza, Farao atanisikilizaje? Naye hakemewi.

Ninapofundisha sura hii hakosekani mwanafunzi anayetaka kuwalaumu wale watu. Mara nyingi ni kijana ambaye hajawahi kuuguza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nakuja kwa neno la mume wako, kwamba roho yako ya kukata tamaa ndiyo inayozuia uponyaji. Nalijibu kwa Kutoka hiyohiyo. Kama ahadi ingesubiri mioyo ya wale watu ichangamke, wangekuwa wanafyatua matofali mpaka leo. Waliotoka Misri usiku ule ni walewale wa sura ya 6 mstari wa 9. Najua atakujibu kwa Nazareti, ambako Yesu hakufanya miujiza mingi kwa sababu ya kutokuamini kwao. Lakini watu wa Nazareti walimdharau, "huyu si yule seremala?", wakachukizwa naye. Hakuna aliyekuwa amekesha wodini. Ukitaka mzazi mwenye mtoto mgonjwa, yuko Marko 9: baba ambaye wanafunzi wa Yesu wamejaribu kumponya mwanawe mbele ya watu wakashindwa. Huyo anakufanana kabisa. Anachoweza kumwambia Yesu ni "ukiweza neno lo lote", na baadaye, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Imani nusu, na nusu nyingine ameikiri hadharani. Mtoto akaponywa.

Tena mwambie mume wako kwa upole kwamba selimundu hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili. Kama kuna aliyeileta nyumbani, mmeileta pamoja, bila kujua, na bila kosa.

Kuna jambo la pili ambalo nadhani linakuumiza zaidi, ingawa hukuliandika wazi: unaogopa kwamba Mungu alisema uongo. Hapa lazima tutenganishe. Ulichoambiwa jukwaani kilisemwa kwa jina la Mungu. Je, kilikuwa cha Mungu?

Swali hilo lina sura nzima katika Yeremia, ya 28. Mwaka 597 K.K. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alikuwa amemchukua Yekonia mfalme wa Yuda na wakuu, pamoja na vyombo vya hekalu, kwenda Babeli. Miaka michache baadaye anasimama nabii Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, na kutangaza: ndani ya miaka miwili vyombo vyote vinarudi, Yekonia anarudi, mateka wote wanarudi. Yeremia yuko pale na nira ya mti shingoni, ishara ya kwamba watu wataendelea kumtumikia mfalme wa Babeli. Unajua anajibu nini? "Amina." Bwana na afanye hivyo. Napenda sana jibu hilo. Yeremia hakuwa na furaha ya kuwaharibia watu matumaini. Naye alitaka mateka warudi, kama wewe unavyotaka mwanao apone. Lakini akaongeza kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake litakapotimia. Hanania akamvua ile nira, akaivunja watu wakitazama. Nadhani walishangilia. Yeremia akaenda zake. Miezi miwili baadaye Hanania alikuwa amekufa, na mateka walikuwa bado Babeli.

Sura inayofuata ni barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu kwa wale mateka wa Babeli, ikachukuliwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Ndani yake mna mstari wa 11, ule tunaouona kwenye kalenda na nyuma ya daladala: nayajua mawazo ninayowawazia, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ukisomwa peke yake unafanana kabisa na tangazo la Hanania. Lakini mstari wa 10 unataja miaka 70, na mistari ya 5 na 6 inawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuoza. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa wangezikwa Babeli. Ahadi ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ndefu kuliko maisha yao, na Mungu aliwaambia hivyo usoni.

Hanania alijua watu wanataka kusikia nini, akaweka tarehe. Na watu wenye uchungu hukimbilia tarehe. Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako. Sina neno baya kwa waliokwenda pale. Mwenye shida hukimbilia anakoonyeshwa. Neno langu ni kwa sisi tunaoonyesha.

Kwa hiyo dada, mtu aliandika hundi kwa jina la Mungu, ukaipeleka, ikakataliwa. Umekasirika na mwenye akaunti. Angalia kwanza sahihi.

Utaniuliza: basi nisiombe uponyaji? Omba. Mimi huwaombea wagonjwa na sitaacha. Yakobo 5 imeweka utaratibu wenyewe: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Anayeita ni mgonjwa, wanaoomba ni wazee. Hakuna jukwaa, wala maikrofoni, wala mtoto wa miaka saba wa kuonyeshwa umati. Na hakuna anayetangaza matokeo. Yesu alipowatakasa wale kumi wenye ukoma aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa torati ndio walikuwa na kazi ya kukagua ngozi na kusema huyu ni safi. Kwa mwanao kuhani wa namna hiyo ni maabara. Mungu akimponya kabisa, damu yake itaonyesha, na daktari ndiye atakayesimamisha dawa.

Soma pia 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia anaumwa hatari, analia akigeukia ukuta, na Mungu anamwahidi kwa kinywa cha Isaya miaka 15 zaidi. Hii si ahadi ya kubahatisha, ina idadi na nabii wa kweli. Kisha Isaya huyohuyo anasema: leteni mkate wa tini. Wakauweka juu ya jipu, akapona. Ahadi na dawa vimeingia chumba kimoja na nabii haoni aibu. Paulo naye anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na kwenye barua ya pili anaandika kwamba Trofimo alimwacha Mileto, mgonjwa. Mtume ambaye leso zake ziliponya watu Efeso alimwacha mwenzake kitandani, akaendelea na safari, wala hakuandika kwamba Trofimo hakuwa na imani.

Nikiwa hapo: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, sasa inapandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Si kila mtoto anafaa, na panahitajika ndugu ambaye uloto wake unaoana na wa mgonjwa. Sikuahidi kitu. Muulize daktari wenu kliniki ijayo, upate jibu la mtu anayeijua damu ya mwanao.

Zipo basi ahadi zipi ambazo hakuna jukwaa linaloweza kuziharibu? Chache kuliko tunavyotangaza, na nzito zaidi. Kwamba upitapo katika maji mengi atakuwa pamoja nawe; Isaya 43 haisemi hutaona maji. Kwamba hakuna kitakachotutenga na upendo wa Mungu, na orodha ya Paulo katika Warumi 8 imetaja dhiki, njaa na hatari, kwa sababu aliowaandikia walikuwa nazo. Kwamba iko siku atafuta kila chozi na maumivu hayatakuwepo tena. Waebrania 11, sura tunayoiita ya mashujaa wa imani, inasema bila kificho kwamba wote hao walikufa katika imani, wasijazipokea zile ahadi. Waliziona kwa mbali wakazishangilia. Ukiniambia kwamba hizo ni ahadi za mbali na mwanao anaumwa leo, sitabishana nawe. Zaburi zinabishana na Mungu kuhusu jambo hilohilo, na hapo ndipo nitakapokupa kazi.

Soma Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?", na neno hilo la "hata lini" linarudi mara nne kabla hujafika mstari wa 3. Mwisho wake ni wa kuimba. Usiuharakie. Ukifika mstari wa 4 na moyo haujaweza kwenda mbele, ishia hapo, funga kitabu, uende ukapike. Kesho anza tena. Siku ukiweza mstari wa 5 utajua mwenyewe. Na kama hata hiyo ni ndefu, iko Zaburi ya 88, ambayo haina mwisho wa kuimba kabisa. Inaishia gizani, na waliopanga kitabu wakaiacha hivyo, ikaimbwa hekaluni. Mwandishi wake hana ushindi wowote wa kukiri. Ila bado anamwambia Mungu, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, hamsemi pembeni.

Hilo nataka ulishike. Wamama wa jumuiya wanakuhimiza ukiri kitu ambacho moyo wako unajua si kweli, na ndiyo maana unatoka nje. Bila shaka wanakupenda. Lakini kila ukikiri usichokiamini, unajizoesha kusema uongo mbele za Mungu, na moyo unafunga zaidi. Malalamiko ya kweli yanaufungua, kwa sababu mdomo na moyo vinakuwa mahali pamoja. Musa mwishoni mwa sura ya 5 alimwambia Bwana waziwazi: mbona umewatenda watu hawa mabaya, mbona ulinituma? Tangu nilipokwenda kwa Farao hukuwaokoa kabisa. Ni baada ya maneno hayo ndipo zile ahadi zote za sura ya 6 zilitolewa. Basi jikoni, au njiani kwenda shule, sema la kwako: Bwana, nilikutangaza mbele ya watu na mwanangu akalazwa. Usilipambe.

Sasa turudi Misri, maana tumewaacha watu wa mstari wa 9 na kazi yao ya matofali. Kuanzia sura ya 7 mpaka ya 11, katika mapigo yote yale, Mungu hawaombi karibu lolote. Hawahubiriwi tena. Mwito unaowafikia ni wa sura ya 12, na ni wa mikono: siku ya kumi ya mwezi kila nyumba itwae mwana-kondoo, aliye mzima, wa kiume, wa mwaka mmoja, nyumba ikiwa na watu wachache ishirikiane na jirani. Wamtunze mpaka siku ya kumi na nne. Hebu fikiria hizo siku. Mwana-kondoo yuko nyumbani, anapiga kelele, watoto wanamlisha, mama anafagia kinyesi chake, na hakuna anayejua kwa hakika kama hii nayo itakuwa kama mara ile ya majani. Hawakuulizwa wanajisikiaje. Waliambiwa wamtwae na wamtunze. Na mstari wa 27 wa sura hiyo, kabla ya pigo la mwisho, kabla hata mtu mmoja hajatoka, watu wakainamisha vichwa wakasujudu, kama walivyofanya sura ya 4. Moyo ulirudi ukiwa nyuma ya mikono.

Wewe mwana-kondoo wako ni nini? Nadhani umeshamshika bila kumtambua. Kumpa mtoto dawa yake kila jioni, kujaza chupa yake ya maji kabla hajaenda shule, kufika kliniki. Usiyatenge na imani ukayaita mambo ya hospitali. Ukimpa dawa, sema neno moja tu, "Bwana, nimempa," kisha uendelee na kazi zako. Hiyo ni sala inayokutosha kwa msimu huu.

Kuhusu kutoka nje wakati wa maombezi, usitoke tena peke yako. Chagua mama mmoja, yule asiye na maneno mengi, mkae benchi moja. Siku hutaki kuombewa kwa kelele, yeye aombe kimya. Wale wanne wa Marko 2 walimbeba mwenye kupooza, wakatoboa dari, na Maandiko yanasema Yesu aliiona imani yao; ya mgonjwa haikutajwa. Hata Imani ya Mitume inapokaririwa, kama neno halitoki, nyamaza usikilize wenzako wakilisema. Wewe utawasemea mwaka mwingine.

Mwili nao una sehemu yake. Eliya chini ya mretemu aliomba afe, na Mungu hakuanza kwa ahadi. Alimwacha alale, akamletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akala tena. Mazungumzo yalikuja siku nyingi baadaye, Horebu. Mama anayeuguza na kusahihisha madaftari usiku anahitaji zamu na mumewe, si mkesha mwingine. Na kama huzuni hii imekushika karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, usingizi na chakula vimekosekana, hakuna kinachokupa raha, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona. Ina tiba. Mweleze daktari siku hiyohiyo ya kliniki ya mtoto, na mawazo ya kujidhuru yakija usisubiri kliniki. Kama dawa za mwanao haziipingi imani, na zako haziipingi.

Lipo na lile la ushuhuda. Ulisema hadharani kwamba amepona, na pengine kuna mama mwenye mtoto kama wako aliyekusikia. Ukipata nguvu, si lazima wiki hii, simama kwenye jumuiya yako useme kwa ufupi: mtoto wangu bado ana selimundu, tuliacha dawa akalazwa, sasa anazitumia, tunaendelea kumwomba Mungu. Humtaji mtu, hugombani na mtu. Huo nao ni ushuhuda, na pengine utawasaidia wengi kuliko ule wa kwanza.

Nimemwacha mtoto mwisho kwa sababu jibu lake lilihitaji haya yote, ingawa lenyewe ni fupi. Ana miaka tisa, anaelewa. Usimwambie kwamba amepona ila dalili zimebaki, watoto hugundua. Mwambie: walikosea. Walitamani sana upone, wakasema kabla haijawa. Aliyekosea ni mtu, Mungu hakukudanganya. Bado una selimundu, ulizaliwa nayo, ilitoka kwenye damu ya baba na ya mama, na hakuna aliyefanya dhambi. Msomee Yohana 9 mistari mitatu ya kwanza, pale wanafunzi wanapomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata akazaliwa kipofu, naye akawaambia huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Mume wako awepo mnaposoma, naye anahitaji kusikia.

Akitaka kujua kama mtaendelea kumwombea, mwambie ndiyo, kisha muulize yeye anataka kuomba nini. Huenda akaomba apone. Huenda akaomba tu acheze mpira na wenzake bila kuumwa miguu jioni. Ombeni hilo alilosema, kwa maneno yake, bila kuongeza. Na akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hulijui, mliandike kwenye daftari. Ya damu mpelekeeni daktari siku ya kliniki. Ya Mungu mpelekeeni mchungaji wenu, na mtoto aulize mwenyewe.